Hamsini Mpaka Lamadi

Hapa Somanda, mjini Bariadi, kila mtu ana swali moja kwangu, na huniuliza akiwa ameshika karatasi ya kutolewa kopi, ili lionekane ni swali la kupitisha muda tu. "Scola, yule Bwana Hamsini wako harudi?" Mama Veronica wa chipsi ameniuliza mara tatu wiki hii. Jana kijana mmoja wa bodaboda aliniuliza huku anacheka, nikamrudishia karatasi zake bila kuzibana pini, akabane mwenyewe huko aendako.

Nawajibu kwamba atarudi. Wananiuliza najuaje. Hapo huwa nanyamaza, maana jibu lenyewe ni refu na halifai kutolewa kwa mtu aliye kwenye foleni. Lakini sasa ni Aprili. Pamba imeanza kupasuka mashambani, mwezi ujao soko litafunguliwa, na mimi nimechoka kunyamaza.

Jina lake ni Anselmi Zongo. Ni mtu wa Burkina Faso, huko Afrika Magharibi, kutoka mji unaoitwa Bobo. Alikuja Bariadi na mradi wa pamba, kazi yake kuwaonyesha wakulima namna ya kupambana na funza wa vitumba kabla hawajamaliza shamba. Kwa sura ungemdhani Mhaya aliyehamia. Wazee walimsalimia Kisukuma bila kufikiri, "Mwangaluka!", naye akabaki anatabasamu mpaka alipojifunza kuitikia. Nadhani hilo ndilo lililowachanganya watu. Mzungu akifanya vituko, watu husema ni Uzungu. Huyu alifanana na sisi, kwa hiyo vituko vyake vilikosa jina.

Tulikutana kwenye pundamilia, pale karibu na hospitali. Mistari ile ilichorwa barabara ilipowekwa lami, na tangu siku hiyo sisi wa Somanda tunajua kuwa ni pambo. Unasubiri magari yapite, kisha unakimbia. Siku hiyo nilisimama na rimu mbili za karatasi kichwani nikisubiri gari jeupe la mradi lipite. Halikupita. Likasimama. Nikasubiri, nalo likasubiri. Nyuma yake bodaboda zikaanza kupiga honi, na madereva wake wakaanza kuwataja mama za watu. Nikaona huyu dereva bila shaka anataka kuuliza njia, nikaenda mpaka dirishani.

"Unataka nini?"

"Nataka dada apite," akasema. Kiswahili chake kilikuwa cha kupima neno moja moja.

"Si upite wewe mwenye gari?"

"Mimi siruhusiwi. Dada yuko kwenye mistari."

Nilivuka kwa hasira, rimu zikinitikisika kichwani, na bodaboda mmoja akanipigia makofi. Siku mbili baadaye yule mtu aliingia dukani kwangu akiwa na faili la bluu kifuani. Alitaka kopi za pasipoti, ukurasa wa picha na ukurasa wa kibali cha ukaazi, kila mmoja nakala nne. Nikamuuliza nne za nini. Akanieleza: moja ya ofisini, moja ya nyumbani, moja ya kwenye gari, na moja ya kuwa nayo endapo hizo tatu zitalowana. Nilicheka mpaka mashine ikameza karatasi. Naye akacheka, bila kukasirika hata kidogo, na hapo ndipo nilipoanza kuumwa ugonjwa huu ninaoumwa mpaka leo.

Jina la Hamsini alipewa na Josia, fundi na dereva wa mradi, mtu wa Dutwa, ambaye kazi yake ilikuwa karibu ya bure kwa sababu Anselmi alipenda kuendesha mwenyewe. Kila kijiji kwenye barabara ya Lamadi kina kibao cha hamsini kinapoanza na kingine cha kuifuta hamsini kinapokwisha. Sisi wenyewe tunapunguza mwendo tukiona trafiki. Anselmi alipunguza akiona kibao. Uwe mchana au magharibi, iwe mvua, awe na haraka ya mazishi, mshale ulishuka mpaka hamsini na kutulia hapo. Madereva waliotoka mbele wakituwashia taa kutuonya kuwa kuna tochi ya trafiki ya kupimia mwendo huko, yeye aliwapungia mkono. Kwa miezi sita aliamini kuwa ni salamu.

Lakini msimdhanie mtu mzito. Hilo ndilo watu wasilolijua, na ndilo jambo ninalotaka lieleweke. Kibao cha kuifuta hamsini kikifika tu, Anselmi alikanyaga mafuta palepale, hata mita moja haikupotea. Hakupenda kuchelewa. Alisema sheria ikimwambia polepole anakwenda polepole, na ikimwachia anakwenda, kwa kuwa muda nao una mwenyewe. Mara ya kwanza kunipakia nilishtuka nikashika mkono wa mlango, na tangu hapo ikawa mazoea yangu. Nikiona kile kibao, mkono unakwenda mlangoni wenyewe.

Nilimpenda. Sina haja ya kulizungusha. Nilimpenda alivyokuwa akinisubiri nifunge duka huku amekaa kwenye benchi na faili lake magotini, nilimpenda alivyosema "samahani" kwa mbuzi barabarani. Akiwa na furaha Kiswahili chake kilitiririka, akiwa na huzuni kilimkimbia chote, akabaki na maneno mawili matatu ambayo hayakutosha kusema lolote. Hilo nalo litaingia katika habari hii.

Baba yangu ni Mzee Mayige wa Ngulyati, mtu wa pamba na ng'ombe, na Jumapili huwa kwenye benchi la mbele kanisani. Nilipomwambia habari za Anselmi kupitia kwa mama, jibu lilirudi kupitia kwa mama vilevile. Mtu aliyekuja na gari la mradi ataondoka na gari la mradi. Tena, huyo mtu ana nani? Kwetu mwanaume hajiposei. Anakaa nje ya ua, watu wake ndio wanaoingia na kusema, naye hata kukohoa hakohoi mpaka aitwe. Anselmi watu wake walikuwa Bobo. Baba akasema basi awangoje watu wake wafike kutoka huko Bobo, kisha akanyamaza mwaka mzima.

Mimi nilishauri njia ya mkato. Twende tukafunge ndoa ya serikali, mzee atatukuta mbele ya safari. Wangapi wamefanya hivyo na leo wanakula Krismasi kwa wakwe? Anselmi akakataa. Akasema hawezi kuingia kwenye ua wa mtu kwa kupitia dirishani. Nikamwambia ua hauna dirisha. Akasema ndiyo maana.

Kisha Januari mwaka huu mambo mawili yakaja kwa pamoja. La kwanza, mradi uliisha, na mradi ukiisha kibali chake nacho kinaisha: Ijumaa, tarehe thelathini. La pili, Jumatano ya wiki hiyohiyo mama alinipigia simu saa nne asubuhi akiwa amechemka kwa furaha. Baba amelainika. Amesema Anselmi aje Jumapili na huyo Josia wake awe mshenga, tusikie anasemaje. Wajomba wa Maswa wameshaitwa. Beberu ameshatengwa.

Jumapili, tarehe moja Februari. Kibali kinaisha Ijumaa.

Sasa mnisikilize kosa langu. Ningeweza kumwambia mama palepale: mama, Ijumaa anaondoka kwa sheria, mwombeni baba arudishe nyuma iwe Alhamisi. Sikusema. Niliona aibu. Mwaka mzima nilimtetea huyu mtu kwamba si mpita njia, halafu siku baba anafungua mlango niseme ndiyo, anapita? Niliogopa kwamba baba akisikia neno kuondoka ataufunga ule mlango na kuukalia. Nikaona rahisi kumgeuza Anselmi kuliko kumgeuza Mzee Mayige.

Jioni Anselmi akaja dukani. Nikamwambia habari njema, akafurahi, akasimama, akakaa, akasimama tena. Kisha akakumbuka tarehe, na uso wake ukaanguka.

"Siku mbili tu," nikamwambia. "Ijumaa na Jumapili zinagusana. Nani atakuja kukuhesabia siku hapa Somanda?"

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Scola. Sheria ni sheria."

"Watu wanakaa miaka bila karatasi! Wewe siku mbili! Kwa ajili yangu!"

"Siwezi," akasema tena, na macho yake yakatafuta maneno mezani, kwenye mashine, ukutani penye bango langu la picha za pasipoti, asiyapate. "Sheria ni sheria."

Nilimfukuza. Nilimwambia aende akaoe hicho kibali chake, walale nacho kitanda kimoja, kopi nne ziwe watoto. Nina mdomo mbaya, wanaonijua wanajua. Aliondoka na faili lake, akasimama kwenye pundamilia, akangoja, akavuka. Nami nikajifungia ndani nikalia kwa kwikwi. Niliona mambo wazi kabisa: mtu anayekupenda huvunja kitu kidogo kwa ajili yako. Hakuvunja, basi hanipendi.

Alhamisi sikumpigia simu. Yeye alituma ujumbe mmoja tu. Ataondoka Ijumaa saa moja asubuhi, basi la Mwanza analipandia Lamadi saa tano, jioni ndege, usiku yuko nje ya Tanzania. Josia atalirudisha gari. Ukitaka kunisindikiza, nafasi ya mbele ni yako. Nilijiapia siendi. Ijumaa saa moja kasoro nilikuwa nimesimama mbele ya duka, nimevaa kitenge cha sikukuu na uso wa msiba.

Tulipanda. Josia alikaa nyuma pamoja na begi, na kabla hatujafika mwisho wa mji alikuwa ameshalala, maana Josia ni mtu ambaye akikosa usukani anapata usingizi. Hatukusemeshana. Anselmi aliendesha, mimi nikaangalia nje. Pamba wakati ule ilikuwa inafika magotini, kijani kila upande, na maua machache ya kwanza yalikuwa yameanza kutoka. Alikuwa amewasomesha wenye mashamba hayo karibu wote. Mmoja alituona akanyanyua jembe kumsalimu, bila kujua kwamba anamuaga.

Tulipokaribia njia ya Ngulyati niliona taa ya kukata kona inawaka. Nyuma hapakuwa na gari, mbele hapakuwa na gari, hata baiskeli. Aliiwasha tu, akapunguza mwendo, akakata kona.

"Unakwenda wapi?" Hilo lilikuwa neno langu la kwanza.

"Kwa baba yako."

"Una wazimu? Siku siyo leo! Huwezi kuingia!"

"Siingii," akasema. "Mtu akialikwa na hawezi kufika, anatoa taarifa. Kwetu Bobo ni hivyo. Nadhani na hapa."

Nilitaka kuruka. Sasa baba atajua yote: kwamba anaondoka, kwamba nilijua, kwamba nilificha. Gari likaenda taratibu kwenye vumbi mpaka kwenye ua wetu wa minyaa, likasimama mbali kidogo na mlango. Anselmi akazima injini. Akamwamsha Josia, akamweleza cha kusema. Yeye mwenyewe akashuka akasimama kando ya gari, kofia mkononi, mgongo umenyooka, kama mwanafunzi aliyeitwa na mwalimu mkuu. Mimi nikabaki ndani ya gari. Binti anayeposwa haingii na mshenga. Hilo angalau nililikumbuka.

Josia akapiga hodi, akaingia akifikicha macho. Tukasikia sauti ya mama ikimkaribisha, kisha sauti ya baba. Ng'ombe walikuwa bado zizini. Niliona kofia ya baba juu ya minyaa ikisogea, ikasimama, ikatoweka. Alikuwa ametuona.

Josia akatoka.

"Mzee anauliza swali," akasema, naye sasa usingizi wote umemtoka. "Anasema, hizo siku mbili kwa nini usikae? Anasema huku Ngulyati nani atakuja kukukamata? Yeye mwenyewe hatakusema kwa mtu."

Nikamtazama Anselmi kwa ukali. Swali lilelile langu. Hata baba ameliona, hata baba! Nikangoja aseme sheria ni sheria ili na baba amfukuze, tumalize.

Anselmi akakunja kofia, akaikunjua. Niliyaona maneno yakimkimbia kama Jumatano, na safari hii niliona jinsi alivyoyafuata, moja moja, akiyakamata.

"Mwambie mzee hivi," akasema. "Leo nikiondoka, pasipoti yangu ni safi. Nikiomba kurudi, hakuna mtu wa kuuliza. Nikikaa siku mbili za kuiba, Jumapili nitakaa mbele ya wajomba nikiwa mwizi. Jumatatu nitatoka kwa aibu. Na nikitaka kurudi wanaweza kukataa, hata miaka. Nitamwacha binti yake anangoja mtu ambaye hawezi kupita mpakani." "Mimi nataka kurudi. Ndiyo sababu naondoka leo. Mwambie hivyo tu."

Josia akaingia tena.

Kwa nini hukuniambia hivyo Jumatano? Nilitaka kumpigia kelele kupitia dirishani. Lakini nilijua kwa nini. Jumatano nilimshambulia akiwa na huzuni, na Kiswahili kikamwacha, akabaki na neno moja gumu alilolishika kwa mikono miwili. Mimi nikalichukua neno hilo nikampiga nalo. Niliona aibu mpaka nikafunika uso kwa ncha ya kitenge. Wakati wote huo nilidhani anazipenda karatasi. Kumbe alikuwa anailinda njia ya kurudia.

Safari hii Josia alikawia. Jua lilipanda. Anselmi hakutoka pale alipokuwa, hakukaa, hakuegemea gari. Mara mbili nilimwona akitazama saa. Nilitamani kushuka nikasimame naye na sikuweza, na kutamani huko kuliniuma kimwili, hapa, chini ya mbavu. Kati yetu palikuwa na bati la mlango tu.

Josia akatoka amebeba kibuyu kwa mikono miwili.

"Mzee anasema wajomba atawarudisha yeye mwenyewe," akasema. "Beberu anarudi zizini. Anasema atangoja mpaka soko la pamba lifunguliwe. Siku hiyo uwe umekuja wewe na watu wako wa kuzaliwa, siyo mimi tena, mimi amenikataa, anasema nasinzia. Soko likifunguliwa hujaja, ua huu haukujui, na binti asimtajie tena jina lako." Akamnyooshea kibuyu. "Na haya maziwa unywe hapahapa nje. Kwa sababu hujaalikwa kuingia."

Anselmi akapokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kuelekea minyaa ambako hapakuonekana mtu, akashukuru kwa Kisukuma, kwa sauti ya kusikika, "Wabeja, baba." Akanywa maziwa yote ya mgando bila kupumzika. Kutoka ndani tukasikia mtu akikohoa, kikohozi cha baba, ambacho hakikuwa na makohozi yoyote. Mdomo wa juu wa Anselmi ulikuwa mweupe. Nilitaka kuufuta kwa kidole changu na haikuwezekana, pale mbele ya ua wa baba yangu. Akajifuta mwenyewe kwa leso. Akapanda, akafunga mkanda, akanitazama mpaka nikafunga wangu, akawasha gari.

Tuliporudi kwenye lami Josia alikuwa ameshalala tena, kukataliwa hakukumgusa. Nikamwomba Anselmi msamaha. Nilisema maneno mengi, nayakumbuka machache. Akaitikia kwa kichwa, akaniachia mkono wake wa kushoto kwa muda wa kubadilisha gia, kisha akaurudisha kwenye usukani.

Na hapo ndipo nilipoanza kuvipenda vile vibao. Kwa mwaka mzima nilikuwa nimevilaani. Kila hamsini ilipofika nilishusha pumzi, nilimwambia hata ng'ombe wa baba wangetuacha. Sasa kijiji kilipotokea nilishukuru. Hamsini. Nilipata muda wa kulitazama sikio lake, kovu dogo la shavuni, kola aliyoipiga pasi mwenyewe na kuipindisha. Kijiji kilipokwisha nilishika mkono wa mlango, gari likaruka, mashamba yakakimbia, na mimi nikatamani kingine kifike. Sikuwahi kutamani vijiji viongezeke duniani. Siku hiyo nilitamani watu wajenge, palepale, pembeni ya barabara, nyumba mia moja na shule.

Dutwa trafiki akatusimamisha. Anselmi akashusha kioo na kabla hajaombwa akampa leseni, kadi ya gari, pasipoti na kopi ya pasipoti. Yule trafiki alikuwa mtu mzima mwenye miwani, alimfahamu, wote walimfahamu. Akaangalia leseni kwa mazoea tu, akataka kurudisha, kisha jicho likaangukia tarehe kwenye kibali.

"Hiki kinaisha leo," akasema.

"Ndiyo, afande. Ninaondoka leo."

Trafiki akamtazama. Akainama kidogo akanitazama mimi, kitenge changu cha sikukuu, macho yangu yaliyovimba. Akazipanga zile karatasi vizuri, moja juu ya nyingine, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Safari njema, Bwana Hamsini," akasema. "Tutabaki na hawa wengine."

Tukaondoka. Safu za nyumba za Dutwa zilikuwa ndefu siku hiyo, Mungu azibariki: maduka, mashine za kusaga, mafundi baiskeli, watoto wa shule waliovuka mara mbili kwa kuwa waligundua kwamba gari hili linasimama. Anselmi aliwasimamishia gari mara zote mbili. Kisha maduka yakapungua, zikaja nyumba za pembeni, zikaja choroko na mtama, na mbele nikakiona kibao cha kuifuta hamsini. Kutoka hapo mpaka karibu na Lamadi njia ni nyeupe, haina kijiji wala kibao. Niliijua. Ndipo alipokuwa akipenda kukanyaga kuliko mahali pengine popote, na ndipo muda wangu ulipokuwa unaisha. Nikashika mkono wa mlango nikafumba macho.

Gari halikuruka.

Nikafumbua macho. Kibao kilikuwa kimeshabaki nyuma. Nikatazama mshale: hamsini. Nikangoja, labda kuna ng'ombe mbele, labda mtoto. Barabara ilikuwa tupu mpaka kwenye upeo. Lori la mahindi likatupita. Basi la abiria likatupita likipiga honi. Kisha ikatupita pikipiki iliyobeba godoro, na dereva wake akageuka kututazama, asiamini.

"Anselmi," nikasema. "Kibao tumekipita."

"Nimekiona."

"Hapa unaruhusiwa."

"Najua," akasema. Mikono yote miwili ilikuwa kwenye usukani, macho barabarani kama afanyavyo siku zote, na machozi yalikuwa yakimshuka mpaka kwenye ile kola iliyopinda. Hakuyafuta, kwa sababu alikuwa anaendesha. "Kwenda polepole si kosa."

Nyuma Josia akaamka. Akachungulia nje, akachungulia mshale, akauliza gari limepatwa na nini. Tukaenda hamsini mpaka Lamadi.